Kwenu Kwenu ni Wapi?

Siku hizi kuna mtindo mbaya hapa kwetu Mombasa, wa watu kuugawana mji kwa mdomo kabla hawajaugawana kwa hatimiliki. Huyu mwenyeji, yule wa kuja. Huyu wa mjini, yule wa ng'ambo ya daraja. Huyu akisema asikilizwe, yule akisema aulizwe kwanza nauli ya kurudi kwao ni pesa ngapi. Na wasemao hivi si wajinga wa mitaani, la hasha. Wengine wana digrii, wengine ni waheshimiwa wenye vipaza sauti na fulana za bure. Basi mimi nataka kuwajibu, na jibu langu ni kitongoji kimoja tu kidogo, Frere Town. Ukikijua kitongoji hicho utaona kwamba neno "mwenyeji" hapa Mombasa limegeuka koti la mtumba: likikutosha unavaa, likikubana unamtupia jirani.

Kwa asiyepajua: toka kisiwani, vuka daraja la Nyali lile la mwaka 1980 (la kwanza, la kuelea, lilifunguliwa 1931), panda kidogo, utafika njia panda. Huku waenda Nyali kwenye majumba yenye kuta na mabomba ya kumwagilia majani. Huku waenda Kongowea sokoni, Kisauni, Bombolulu, Bamburi, hadi Malindi ukitaka. Hapo makanga atapiga mbavu za matatu, "Kengeleni! Kengeleni wa kushuka!" na watu watashuka na vikapu vyao, wengi wao bila kugeuza shingo. Wangegeuza wangeiona: kengele yenyewe, ndani ya mnara wake mdogo, imezungukwa na pikipiki na wauza mahindi ya kuchoma. Kengele hiyo ililia karne ya kumi na tisa kuwaonya watu kwamba wawindaji watumwa wanakuja. Leo haimwonyi mtu. Imebaki kituo cha matatu.

Wa kulaumiwa si makanga. Ni sisi tulioketi darasani miaka minane, na baadaye kumi na miwili, tukaimba Fort Jesus, Vasco da Gama, Wareno, Wareno tena, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kilomita mbili tatu kutoka kwenye boma hilo kuna mtaa ulioanzishwa na watu waliofika hapa wakiwa na alama za pingu miguuni.

Kisauni yenyewe ni ya kale kuliko Frere Town, nalisema hili mapema nisije nikasingiziwa. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 Kisauni ilikuwako, na mke wake na mwanawe mchanga, waliofariki mwaka huo huo, wamelala huku huku bara, upande wa Mkomani. Kongowea ni jina ambalo wazee wa Thenashara Taifa wanalitaja wanapoeleza mwanzo wa mji wao. Mashamba ya huku yalikuwa ya waungwana wa kisiwani, yakitoa nazi na mtama na mahindi. Na nani alikuwa akilima? Hapo ndipo baraza hunyamaza. Kahawa hunywewa kwa kelele, halafu mtu akiuliza swali hilo, utasikia vikombe tu.

Nitajibu mimi. Walilima watumwa. Wanyasa, Wayao, Wamakua, Wangindo, Wazigua, na wengine ambao majina ya makabila yao yalipotea pamoja na majina waliyopewa na mama zao.

Mwaka 1873 Waingereza walimtuma Sir Bartle Frere Unguja kumbana Sultani Barghash, na Juni mwaka huo, akitishiwa manowari, Sultani akatia saini soko la watumwa lifungwe. Swali likazuka: hao wanaokamatwa majahazini wapelekwe wapi? Kabla ya hapo wengi walipelekwa Bara Hindi. Huko Sharanpur, karibu na Nasik, kulikuwa na makao ambamo watoto wa Kiafrika walifundishwa useremala, uhunzi, kusoma na Ukristo. Kasisi wa makao hayo, William Salter Price, ndiye aliyetumwa na misheni ya CMS mwaka 1874 kuja Mombasa. Akanunua ardhi upande wa Kisauni, na mwaka 1875 manowari zikaanza kushusha watu. Mahali pakaitwa Frere Town, kwa heshima ya huyo bwana.

Naomba tusimame hapo kwenye jina. Bwana huyu tunayemwita mkombozi wa watumwa ndiye huyo huyo aliyepelekwa Afrika Kusini baadaye kidogo, na mwishoni mwa 1878 akawapa Wazulu masharti ambayo hakuna mfalme mwenye akili angeyakubali. Januari 1879 vita vikalipuka. Kwa hiyo jina la mtaa wetu lina sura mbili: Mombasa ni mlango wa uhuru, na kwa Wazulu ni mlango wa maangamizi. Kuna watu wakisikia hivi wanataka jina libadilishwe upesi, na tayari wana majina mfukoni, ya wanasiasa walio hai. Hapana, wapendwa. Jina libaki, na ubao uwekwe chini yake unaoeleza yote mawili. Ubao hauli wali.

Sasa nije kwa watu wenyewe, maana nimechoka kuona historia ya mahali hapa ikisimuliwa kama orodha ya Wazungu.

Kabla Price hajafika, walikwisha tangulia Waafrika waliolelewa Nasik: William Jones, Ishmael Semler, George David, waliokuja mwaka 1864 kusaidia kazi ya misheni Rabai. Hawa walikuwa watu wa ajabu kidogo. Wametekwa wadogo kutoka bara, wakauzwa pwani, wakaokolewa baharini, wakalelewa Bara Hindi, wakarudi Afrika wakijua Kihindustani na Kiingereza, na kujifunza Kiswahili upya. Walipotua wenyeji waliwaona wageni, na Wazungu waliwaona wenyeji. Ukitaka kujua uzito wa William Jones, soma habari za Askofu Hannington. Askofu aliuawa Busoga Oktoba 1885 akielekea Uganda. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanalijua hilo. Wasichokijua ni kwamba aliyewakusanya wapagazi waliobaki na kuwarudisha Rabai mwanzoni mwa 1886, wakiwa wamedhoofika, nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja, Ikabodi, ni huyu Jones. Askofu ana makanisa kwa jina lake. Jones, mtaani mwetu, hata kichochoro hana.

Kuna kundi la watu wanaoitetea hadithi ya "huruma". Kwao Frere Town ni zawadi ya Wazungu wema, na wajibu wetu ni kuinamisha kichwa na kusema asante. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa Frere Town, alichapisha kitabu Uhuru wa Watumwa, na kitabu hicho kimejaa shukrani kwa Waingereza. Mimi simcheki mzee Mbotela. Aliandika hadithi ya baba yake, na mtoto wa mtu aliyetolewa jahazini ana haki ya kumshukuru aliyemtoa. Ugomvi wangu ni na wanaosoma shukrani ile wakaifanya historia nzima.

Maana historia nzima ina mambo mengine. Ina viboko. Msimamizi mmoja wa misheni pale Frere Town aliwachapa na kuwafunga watu wale wale waliokombolewa, mpaka mwaka 1881 ikabidi uchunguzi ufanyike. Fikiria hilo, ndugu msomaji: umeponyoka na mjeledi wa jahazi, unashuka ufukweni, unakuta mjeledi mwingine unakusubiri, huu una Biblia kwapani.

Ina pia watoro. Huyu ndiye mtu ambaye hadithi ya huruma haina pa kumweka. Hakungoja manowari. Aliamka usiku shambani kwa bwana wake, akachukua kisu na mke kama alikuwa naye, akaingia mwituni. Wengine walikimbilia Rabai na Frere Town, na wamisheni hawakujua wafanye nini nao, kwa sababu kumkaribisha mtoro ni kugombana na waungwana wa mji. Wengine hawakutaka hata misheni. Walianzisha vijiji vyao wenyewe huko bara. Kimojawapo kilikuwa Fuladoyo, kilichoongozwa na Mkristo aitwaye David Koi. Mwaka 1883 kikashambuliwa na Koi akakatwa kichwa. Mtu huyu alikufa akitetea kijiji cha watu waliojikomboa kwa miguu yao, na leo ukitaja jina lake Kisauni utaulizwa anacheza timu gani.

Halafu kuna pesa, na hapa naomba usikimbie. Mwaka 1888 waungwana wa Mombasa walikuja juu: watumwa wetu wako Rabai, turudishieni. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza akatafuta suluhu. Suluhu ikawa fidia, na siku ya mwaka mpya 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Sherehe kubwa. Lakini uliza swali la mtoto: fidia ililipwa nani? Alilipwa bwana. Aliyelimishwa bure miaka kumi, aliyepokonywa watoto, alipewa karatasi. Aliyelimisha alipewa fedha.

Mwaka 1907 hali ya utumwa ikafutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya. Tena mabwana wakaruhusiwa kudai fidia. Na mwaka uliofuata tu, 1908, ikaja Sheria ya Hati za Ardhi, kwamba kila mwenye kudai ardhi ukanda wa pwani aje aandikishe, na ardhi isiyodaiwa itakuwa ya serikali. Nani aliyejua kusoma tangazo? Nani aliyekuwa na shahidi, na karani, na nauli ya kwenda mbele ya afisa? Mwungwana alikuwa navyo, na tajiri aliyenunua kwa mwungwana alikuwa navyo. Mgiriama aliyelima Kisauni kwa desturi, bila karatasi, hakuwa navyo. Na yule mtu wa 1907, aliyeamka huru, angedai nini? Kwamba shamba hili ni langu kwa sababu nimelilima kwa nguvu tangu utotoni?

Weka miaka hiyo miwili kando kwa kando, 1907 na 1908, uitazame vizuri. Mwaka mmoja mtu anakuwa huru, mwaka unaofuata ardhi aliyosimamia miguu inapata mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Hapo ndipo neno "skwota" lilizaliwa, ndugu zangu, hata kama Kiingereza chake kilikuja baadaye.

Hata wale wa ndani ya Frere Town, ambao angalau walikuwa na misheni, ardhi ilikuwa ya misheni. Walikuwa na viwanja vya kulima, na kanisa, na shule. Mwaka 1903 pakaanzishwa chuo cha kuwafunza wahubiri, mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru, na sasa ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Chuo kilipanda garimoshi kikaenda bara kikakubaliwa vizuri kabisa. Sijasikia mtu wa Limuru akikiuliza kwao ni wapi.

Nimelitaja swali hilo kwa sababu ndilo linalonichoma. Mkenya yeyote analijua. Mimi niliulizwa katika ofisi moja nilikokwenda kutafuta karatasi niliyostahili kupewa kwa dakika tano.

"Kwenu wapi?"

"Kisauni."

"Kisauni mnaishi. Nauliza kwenu."

"Frere Town, Kisauni."

"Aaah, bwana mdogo. Kwenu kwenu. Babu yako alitoka wapi?"

"Baharini," nikamwambia.

Akacheka, na wa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka, nikaambiwa nirudi na mzee wa mtaa. Lakini sikuwa nafanya mzaha. Babu wa babu yangu alishushwa kutoka melini. Alikotekwa hakukujua, alikuwa mtoto wa kubebwa; wengine walimwambia ni Unyasa kwa sababu ya jina la mama yake, wengine Umakua. Bibi yangu mzaa mama ni Mgiriama wa Kisauni, ambaye ukoo wake ulipanda minazi huku na hawana hata kipande cha karatasi. Kwa hiyo upande mmoja wa damu yangu ni "wa kuja", na upande mwingine ni mwenyeji ambaye sheria ya 1908 ilimfanya wa kuja nyumbani kwake. Niambie, afisa angeandika nini?

Kuna jambo nimelinyamazia mpaka hapa kwa sababu linauma zaidi, nalo ni letu wenyewe. Aibu. Watu wengi wa asili hiyo wamejificha. Wengine walijiita Wanyasa, kama vile Nyasa ni kijiji kimoja. Wengine waliingia katika makabila ya wake zao, wengine wakasilimu wakawa Waswahili wa Kisauni, na siulaumu uamuzi huo, mtu ana haki ya kuolea na kuswali anapotaka. Kinachonitia hasira ni sababu. Mtu hakimbii asili yake bila ya kukimbizwa. Katika mji huu mpaka leo, vijana wawili wakigombana juu ya mchumba, mmoja akikosa hoja atasema, "Kwanza nyinyi mwaliletwa na meli." Na posa itavunjika. Tusidanganyane kwamba mambo hayo yalikwisha. Posa zinavunjika, ila siku hizi mzee hasemi sababu. Anasema msichana bado anasoma.

Na hapa Frere Town walituachia kitu ambacho huwa nakifurahia peke yangu kama mtu aliyeokota sarafu. "Uungwana" zamani ulikuwa nini? Ilikuwa hali ya mtu aliyezaliwa huru. Mtumwa hakuwa mwungwana, hata akiwa na adabu kupita bwana wake. Sasa nenda kwenye redio. Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo ule ule wa Mbotela, mzaliwa wa Frere Town mwaka 1940, alianzisha mwaka 1966 kipindi kiitwacho Je, Huu ni Ungwana? Kwa zaidi ya nusu karne, mpaka karibu na kufariki kwake Februari 2025, mjukuu wa watu waliotolewa jahazini aliwauliza Wakenya wote, Waarabu na Waswahili na wabara na mawaziri, kama tabia zao ni za kiungwana. Taifa zima likawa linasikiliza, likijichunguza, likiona haya. Sijui kama mzee alilikusudia. Hata kama hakulikusudia, mimi sijaona jibu kali kuliko hilo kwa yule mwenye kuvunja posa.

Nirudi kwa wagawaji wa mji. Wanapenda idadi, basi tuhesabu. Sensa ya mwaka 2019 iliipata Kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Kisauni 291,930, Nyali 216,577. Jumla ya huku bara ya kaskazini ni watu 508,507. Mvita, yaani kisiwa chenye boma na mji wa kale na picha zote za kalenda, ilikuwa na 154,171. Maana yake katika kila watu kumi wa Mombasa, wanne na zaidi wanalala ng'ambo ya daraja la Nyali. Mombasa ya kweli imehama kitambo. Picha za kalenda tu ndizo zilizobaki kisiwani.

Na watu hawa nusu milioni ni nani? Wapo Wagiriama na Waduruma na Wachonyi. Wapo waliokuja kufanya kazi kiwanda cha saruji cha Bamburi kilipoanza uzalishaji mwaka 1954: Wakamba, Waluo, Wataita, Waluhya. Wapo waliofuata mahoteli ya ufukweni. Wapo Waswahili waliokimbia kodi za kisiwani. Wapo Wasomali, Wabajuni, Wakikuyu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Wadigo waliovuka vivuko viwili. Mshomoroni utamkuta Mchonyi anauza mabuyu kwa Kijaluo cha kujaribu, na mteja anajibu kwa Kigiriama kibovu zaidi, na biashara inafanyika. Gazeti likitutaja linataja vijana wa panga tu. Wapo, sikatai, na tumewazika majirani kwa sababu yao. Lakini yule kijana wa panga wa Kisauni kazaliwa hapa hapa, mahali ambapo baba yake hawezi kuthibitisha chumba wanacholala ni cha nani. Kumwita "wa kuja" hakutamtoa panga mkononi.

Tumekwisha ona matunda ya hesabu ya wenyeji na wageni. Agosti 1997 Likoni, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi kilivamiwa, watu wa bara wakawindwa nyumba kwa nyumba, wengi wakauawa, maelfu wakalala makanisani. Waliopigwa walikuwa maskini. Waliopiga walikuwa maskini. Tume ya Akiwumi ilikaa, ikaandika. Wenye ardhi kubwa ya pwani hawakuvunjiwa hata dirisha. Baadaye ikaja kaulimbiu ya "Pwani si Kenya", na mimi naielewa hasira iliyokuwa ndani yake, maana hasira ya ardhi ni ya kweli. Lakini niliwauliza marafiki zangu walioichora ukutani: siku hiyo pwani ikiwa si Kenya, mtu wa Frere Town mtamweka upande gani wa mpaka? Alitoka bara kwa minyororo, akafika pwani kwa bahari. Mmoja akaniambia, "Wewe ni wetu, wewe tunakujua." Ndiyo hiyo ninayoikataa. Sitaki uenyeji wa kupewa na rafiki, kwa sababu rafiki akikasirika anauchukua.

Wamakonde wa Kwale walilijua hilo. Walikuja kutoka Msumbiji kulima mashambani wakati wa mkoloni, wakakaa vizazi bila vitambulisho, wakiitwa jirani wema siku za harusi na wageni siku za kura. Oktoba 2016 wakachoka, wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi. Mwaka 2017 wakaandikwa Wakenya, kabila la arobaini na tatu. Nilifurahi kwa ajili yao, ila nikajiuliza Mmakua aliyeshushwa Kisauni mwaka 1875, kutoka Msumbiji hiyo hiyo, wajukuu wake waandamane kwenda wapi, na wadai kabila gani, ilhali meli moja ilishusha makabila kumi. Sisi si kabila wala hatutaki nambari. Tulikuwa mtaa, na tunataka mtaa uhesabiwe kuwa ni mahali pa kutosha mtu kutoka.

Na mtaa ni ardhi, kwa hiyo hapo ndipo nitakapomalizia. Katika sehemu kubwa za Kisauni kuna jambo ambalo mgeni akielezwa hudhani anataniwa: nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine. Umejenga kwa jasho lako, udongo na makuti kwanza, halafu mabati. Una wapangaji, una namba ya umeme. Lakini kila mwezi unapeleka kodi ya ardhi kwa mtu, au kwa wakala wa mtu, ambaye pengine anaishi ng'ambo ya bahari na hajawahi kukanyaga Mlaleo. Ukitaka kujenga kwa mawe unaomba ruhusa, na aghlabu unanyimwa, kwa sababu nyumba ya mawe haibomoki kwa urahisi siku ardhi itakapouzwa. Ukiifuatilia karatasi ya ardhi hiyo nyuma, mnunuzi kwa mnunuzi, usishangae ukifika kwa karani wa sheria ile ya 1908.

Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Ripoti ya Tume ya Ukweli ya mwaka 2013 ina kurasa nzima juu ya pwani. Kwa hiyo hakuna mheshimiwa anayeweza kupanda jukwaani Kongowea akasema hajui. Akija kutuuliza nani mwenyeji na nani wa kuja, nawaomba vijana wenzangu wa Kisauni, Mgiriama na Mjaluo na mjukuu wa manowari, tusimjibu swali hilo. Tumwambie ataje kwa majina, pale pale kwenye kipaza sauti, ni nani wanaopokea kodi ya ardhi ya Mlaleo, Magodoroni na Maweni, na wameipokea tangu mwaka gani.